Agosti ibaki mikononi mwa vilabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mvutano wa muda mrefu uliopo hapa Ireland kati ya vilabu na timu za kaunti katika michezo ya Kigaeli, yaani kandanda ya Kigaeli, ambayo mchezaji huruhusiwa kuushika mpira kwa mikono, na halingi, mchezo wa magongo bapa na mpira mdogo wa ngozi unaopigwa kwa kasi ya kumshtua kila anayeuona kwa mara ya kwanza. Najua kwamba wasomaji wako wengi wako mbali na jambo hili. Hata hivyo, familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani zinaishi leo katika miji na vijiji vya kisiwa hiki, watoto wao wanafundishwa michezo hii tangu shule ya msingi, na wazazi hulipa ada ya klabu kila mwaka bila kuelezwa ni nani anayeamua mtoto atacheza lini, na ni kwa nini akishakuwa mtu mzima anaweza kukaa miezi mitatu bila mechi ya maana. Mimi ni mmoja wa wazazi hao. Naishi mashariki ya Kaunti ya Galway. Mwanangu wa kiume anacheza halingi, dada yake anacheza kamogi, ambayo ni halingi ya wanawake, na mimi nimo katika kundi la wanaojitolea kupiga mistari ya uwanja kwa rangi nyeupe asubuhi ya mechi na kukusanya jezi mechi ikiisha.

Nieleze mapema ninaposimama. Utaratibu wa kuugawa msimu, uliopitishwa mwaka 2021, unaozipa timu za kaunti miezi ya Januari hadi Julai na kuviachia vilabu miezi inayobaki, ni wa haki kuliko wowote uliotangulia, na wito wa kuzirudisha fainali za kaunti katika Agosti au Septemba, ambao huibuka kila Julai inapokwisha, unapaswa kukataliwa. Nitajaribu kueleza sababu zangu bila kuwadharau wanaofikiri vinginevyo, kwa kuwa baadhi yao wanaipenda michezo hii kuliko ninavyoweza kudai mimi niliyeikuta ukubwani.

Kwanza msomaji aelewe jinsi mambo yalivyopangwa. Chama cha Michezo ya Kigaeli, ambacho hapa kila mtu hukiita GAA, kilianzishwa Novemba 1, 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, Kaunti ya Tipperary. Mchezaji wake halipwi mshahara, hata yule anayecheza fainali mbele ya watu 82,300 katika uwanja wa Croke Park jijini Dublin. Jumatatu hurudi darasani kufundisha, au kwenye zizi la ng'ombe, au kazini kwenye mjengo. Klabu kwa kawaida ni ya parokia au ya mtaa. Mtu huingia akiwa mtoto, huvaa jezi ileile aliyoivaa baba yake, na hahami ovyo, kwa sababu hakuna anayemnunua wala kumuuza. Akionekana hodari, kaunti humwita. Hapo ndipo matatizo huanza, maana mtu huyohuyo mmoja, mwenye mwili mmoja na jioni saba tu katika wiki, sasa anadaiwa na pande mbili, na upande wenye nguvu zaidi ndio wenye meneja maarufu, madaktari, kamera za televisheni na matarajio ya kaunti nzima.

Historia inatusaidia kuona ni nani aliyemtangulia mwenzake. Katika mashindano ya kwanza ya Ireland yote, ya mwaka 1887, hapakuwa na timu ya kaunti kama tunavyoijua leo. Klabu bingwa ndiyo iliyoibeba kaunti mabegani. Fainali ya halingi ilichezwa mjini Birr Aprili 1, 1888, ambapo Thurles, kwa niaba ya Tipperary, iliishinda Meelick kutoka upande huu wetu wa mashariki ya Galway. Kwenye kandanda, Limerick Commercials iliishinda Dundalk Young Irelands ya Louth. Baadaye, mnamo 1892, klabu bingwa iliruhusiwa kuchukua wachezaji kutoka vilabu vingine vya kaunti yake, na taratibu timu ya kaunti ikajitenga na klabu, ikawa chombo chenye uongozi wake, mazoezi yake na fahari yake. Mipaka yenyewe ya kaunti ilichorwa na utawala wa Kiingereza, ya mwisho ikiwa ya Wicklow mwaka 1606. Watu waliipokea, wakaifanya yao, na leo ukimwona mzee wa hapa amefunga bendera ya damu ya mzee na nyeupe juu ya gari lake huwezi kumwambia kwamba Galway ni mstari tu kwenye ramani. Siupingi upendo huo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kaunti ni tunda la vilabu, na kwa muda mrefu kalenda ilipangwa kana kwamba vilabu ndivyo vilivyozaliwa na kaunti.

Kabla ya 2021 hali ilikuwa hivi. Mashindano ya kaunti yalianza na baridi ya Januari na kwenda mpaka Septemba, na hadi mwaka 2017 fainali ya halingi ilichezwa Jumapili ya kwanza na ya kandanda Jumapili ya tatu ya mwezi huo. Mechi za ubingwa wa vilabu zilichomekwa katika mianya iliyobaki. Kadiri kaunti ilivyoendelea kushinda, ndivyo vilabu vyake vilivyoendelea kusubiri. Mara nyingi raundi ya kwanza ilichezwa Aprili na ya pili Agosti, na tarehe ya raundi hiyo ya pili ilitegemea sare, marudiano, au bao la dakika ya mwisho katika uwanja ulio mbali, ambamo wachezaji wengi wa vilabu hawakuwa na sehemu yoyote. Inasemwa mara kwa mara kwamba wachezaji wa kaunti ni kama wawili katika kila mia. Hao wengine tisini na wanane walifanya mazoezi mwaka mzima bila kujua lini watacheza. Waliogopa kupanga harusi, waliogopa kununua tiketi ya ndege, na wengine, hasa waliokwisha kuvuka miaka thelathini na wenye watoto wadogo, waliona ni heri waache kabisa. Klabu ya kijijini inapompoteza mtu wa namna hiyo haipotezi mlinzi wa pembeni tu. Inampoteza pia mtu ambaye angefundisha watoto wa chini ya miaka kumi.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa, Januari 2017, chama cha wachezaji wa vilabu kilichojulikana kwa herufi CPA, kilichoanzishwa na Declan Brennan, huku Micheál Briody akiwa mwenyekiti wake na Liam Griffin, meneja aliyeipa Wexford ubingwa wa halingi mwaka 1996, akishughulikia suala la ratiba. Wito wao ulikuwa mmoja: tengenezeni ratiba. Wachezaji wa kaunti walikuwa na chombo chao, GPA, tangu 1999, kilichotambuliwa rasmi na GAA miaka kumi baadaye. Wachezaji wa vilabu, ambao ni wengi mno kuliko wenzao, hawakuwa na msemaji. Na majibu ya kwanza waliyopewa hayakuwa ya kutia moyo. Februari 2017 mkutano mkuu wa GAA ulipitisha mfumo wa kandanda ulioongeza mechi za kaunti katika hatua ya robo fainali, jambo ambalo CPA iliomba lisubiri, na mfumo huo ulichezwa 2018 na 2019 tu kabla haujaachwa.

Mwaka huo wa 2018 GAA ilivitengea vilabu mwezi wa Aprili. Kwa maneno, ilikuwa zawadi. Kwa vitendo, mameneja wa kaunti kadhaa hawakuwa tayari kuwaachilia wachezaji wao majuma machache tu kabla ya michuano ya majimbo kuanza, na vilabu vingi vilipata raundi moja au mbili, kisha vikarudi kusubiri hadi kiangazi kikaribie kwisha. Nadhani hapo ndipo watu wengi walipotambua kwamba kuomba ruhusa hakutoshi. Meneja wa kaunti si mtu mbaya. Amepewa kazi ya kushinda, atahukumiwa kwa kushinda, na mchezaji anayejua kwamba nafasi yake kikosini iko mikononi mwa meneja huyo hatathubutu kumwambia kwamba Jumatano anakwenda kufanya mazoezi na watu wa kijijini kwake. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kuachiwa achague mwenyewe. Lazima kanuni imchagulie.

Kilichofungua njia ni janga la UVIKO-19. Machi 2020 michezo yote ilisimama, na iliporuhusiwa tena Julai, vilabu vilitangulia kwa kuwa havikuhitaji safari ndefu. Kaunti zilisubiri hadi Oktoba, na fainali zao zikachezwa Desemba mbele ya viti vitupu: Limerick ikaifunga Waterford kwenye halingi na Dublin ikaifunga Mayo kwenye kandanda. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mchezaji wa klabu alicheza wikendi baada ya wikendi, juani, uwanja ukiwa mkavu, pamoja na wenzake wa kaunti ambao wakati huo hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Watu waliona kwa macho yao kwamba inawezekana. Februari 2021 mkutano mkuu, uliofanyika kwa njia ya mtandao, ulipitisha kugawanywa kwa msimu, na mwezi uliofuata CPA ilijivunja yenyewe kwa kuwa ilichokuwa ikikidai kilikuwa kimepatikana. Ni vyama vichache duniani vinavyojua wakati wa kufunga milango yao, na nawaheshimu kwa hilo. Kuanzia 2022 fainali zote mbili za wanaume zimekuwa zikichezwa Julai.

Niruhusu, Ndugu Mhariri, nionyeshe maana ya jambo hili kwa ukaribu. Katika jengo letu dogo la klabu, karibu na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, hubandikwa karatasi yenye ratiba ya ubingwa wa Agosti na Septemba. Pembeni mwa tarehe, mtu ameandika kwa kalamu ya risasi wikendi mbili za harusi na moja ya ubatizo. Chini yake golikipa, ambaye ni fundi umeme, ameandika zamu zake za usiku. Nyundo, gundi na utepe mweusi wa kufungia magongo yaliyopasuka huwekwa mezani, na wachezaji husimama hapo wakiisoma karatasi ile huku wakitengeneza magongo yao. Mgeni ataona ni kitu kidogo. Wachezaji wakongwe waliokuwepo kabla ya 2021 husema kwamba zamani karatasi ya namna hiyo haikuwa na faida, kwa sababu kila tarehe ilifuatwa na maneno ya kusema kwamba inaweza kubadilika. Haki ambayo mchezaji wa kawaida ameipata ni hiyo: ajue siku yake ya kucheza, aipange nayo kazi yake na familia yake.

Wapo wanaosema kwamba klabu ikipewa nguvu kupita kiasi kaunti itadhoofika, na Galway imetumiwa mara nyingi kama mfano. Tuutazame mfano huo vizuri. Baada ya kutwaa ubingwa wa halingi mwaka 1988, timu ya kaunti ya Galway ilikaa hadi 2017 bila kuupata tena. Katika kipindi hichohicho vilabu vya Galway vilitwaa ubingwa wa vilabu wa Ireland yote mara 12: Kiltormer mwaka 1992, Sarsfields miaka miwili mfululizo iliyofuata, Athenry mara tatu, Portumna mara nne, Clarinbridge mwaka 2011 na St Thomas' mwaka 2013. Watu waliinua mabega na kusema kwamba hapa watu wanalipenda jina la parokia kuliko la kaunti, kwamba chuki za derbi zinaingia mpaka katika kikosi cha kaunti, na kwamba tatizo ni vilabu. Kisha Septemba 3, 2017 Galway iliishinda Waterford, nahodha akiwa David Burke wa St Thomas', na Joe Canning wa Portumna akiwa miongoni mwa nguzo zake. Hawakuwa wameacha kuwa watu wa vilabu vyao ili washinde. Ushindani mkali wa nyumbani, ambao ulikuwa umelaumiwa kwa miaka 29, ndio uliowafundisha kupokea mpira huku watu watatu wakiwaangukia. Januari 2024 St Thomas' walirudi Croke Park wakachukua tena kombe la vilabu, na hakuna aliyesema kwamba kaunti imeibiwa kitu.

Kerry nayo ina desturi inayonivutia. Huko klabu au timu ya wilaya iliyotwaa ubingwa wa kaunti ndiyo inayomteua nahodha wa timu ya kaunti kwa mwaka unaofuata. Ndiyo maana Kerry ilipoishinda Donegal katika fainali ya kandanda ya Julai 2025, kombe lilipokelewa na Gavin White wa Dr Crokes, mabingwa wa Kerry wa mwaka 2024. Wapo wanaolalamika kwamba meneja angepaswa kumchagua nahodha wake mwenyewe, na hoja yao ina uzito. Mimi naona kuna hekima katika kaunti yenye mataji mengi kuliko zote ya kandanda kuendelea kukiri hadharani, mbele ya nchi nzima, kwamba inatoka kwenye vilabu.

Sasa niigeukie hoja ya wanaotaka fainali zirudi Agosti au Septemba, maana si hoja nyepesi. Wanasema kwamba Agosti na Septemba zilikuwa miezi ya michezo ya Kigaeli katika magazeti na televisheni, na kwamba tumeziachia raga na soka ya Ulaya uwanja mtupu. Wanasema kwamba zamani shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa wakati wa fainali, hivyo mtoto aliijadili mechi na wenzake darasani, akavaa rangi za kaunti yake Ijumaa, na baada ya siku chache akashika kwa mikono yake kombe la Liam MacCarthy, la halingi, au la Sam Maguire, la kandanda, lilipoletwa shuleni. Wanasema pia kwamba mechi za kaunti sasa zimebanwa mno, wikendi kwa wikendi, na mchezaji aliyechanika msuli wa nyuma ya paja mwezi Mei anaweza kuupoteza mwaka mzima. Nimeona jinsi mtoto wa miaka tisa anavyomtazama mchezaji wa kaunti, na siwezi kusema kwamba jambo hilo ni dogo. Boidu Sayeh, aliyezaliwa Liberia akakulia katika klabu ya Rosemount na kuichezea Westmeath, amefanya mengi kwa watoto weusi wa nchi hii kwa kuonekana tu akiwa amevaa jezi ya kaunti. Vilevile Lee Chin wa Wexford, ambaye baba yake ni Mmalaysia. Kaunti ndiyo dirisha ambalo watu wa nje huichungulia michezo hii, na sehemu kubwa ya fedha za viingilio zinazosaidia viwanja na makocha wa watoto hutokana na mechi zake.

Lakini dawa ya kubanwa kwa mechi za kaunti si kuwanyang'anya vilabu Agosti. Ni kupunguza mashindano ya kaunti yenyewe. GAA ilionyesha kwamba inawezekana pale iliposimamisha mashindano ya maandalizi ya majimbo kwa mwaka 2025. Na kuhusu kuonekana, tukumbuke kwamba mechi za vilabu nazo hutazamwa. Kituo cha TG4, kinachotangaza kwa Kiairishi, kimezirusha kwa miaka mingi na kimewajengea watu mazoea ya kuzipenda. Wenye mamlaka ya kutangaza michezo hii wangeziandaa mechi za ubingwa za vilabu za Septemba na Oktoba kwa bidii ileile wanayoiandalia fainali ya kaunti, yaani mchezaji ahojiwe, historia ya parokia mbili isimuliwe na tarehe ijulikane mapema, pengo hilo lingepungua sana. Slaughtneil ya Derry, kijiji kidogo, ilitwaa mwaka 2016 ubingwa wa jimbo la Ulster katika kandanda, halingi na kamogi kwa pamoja. Nchi inayoweza kuzalisha kisa kama hicho katika majira ya kupukutika majani haina upungufu wa habari za kuwaeleza watoto wake.

Ukiurefusha msimu wa kaunti kwa majuma manne, hutakuwa umegawana hasara sawasawa. Michuano ya vilabu hupita ngazi ya kaunti, kisha ya jimbo katika Novemba na Desemba, kisha ya Ireland yote hadi Januari. Kila juma unalolitoa mwanzoni linasukuma mechi kwenye tope na giza la mwisho wa mwaka, au linazibana zichezwe kila baada ya siku saba. Katika kaunti kama Galway na Cork, ambako vijana walewale hucheza halingi wikendi hii na kandanda wikendi ijayo, hakuna nafasi iliyobaki ya kubana. Julai 28, 2024 timu ya kandanda ya Galway ilifungwa na Armagh kwa pointi moja katika fainali, na siku chache baadaye wachezaji wale walitakiwa kuwa tayari kwa ajili ya vilabu vyao. Walirudi wakiwa wamechoka mwili na roho. Fikiria wangerudi mwishoni mwa Agosti.

Hapo nagusa jambo ambalo vilabu pia vinapaswa kulitazama kwa haki. Mwaka 2018 Taasisi ya Utafiti wa Uchumi na Jamii ya hapa Ireland ilitoa ripoti juu ya wachezaji wa kaunti, ikaonyesha kwamba baadhi yao walitumia hadi saa 31 kwa wiki katika shughuli za timu, ukijumlisha mazoezi, safari na maandalizi, juu ya kazi zao za kila siku. Huo ni karibu mzigo wa ajira ya pili isiyolipwa. Kijana wa chuo kikuu ana mzigo mwingine tena, kwa sababu anaweza kudaiwa na timu ya chuo katika Kombe la Sigerson au la Fitzgibbon, timu ya kaunti ya wakubwa, timu ya chini ya miaka 20, na klabu. Mchezaji wa namna hiyo anaporudi nyumbani mwishoni mwa Julai, klabu inayomlaki kwa mazoezi manne katika juma la kwanza haina haki ya kulalamika juu ya meneja wa kaunti. Nimesikia watu wa vilabu wakidai mchezaji wao kana kwamba ni mali iliyokuwa imeazimwa. Mtu apewe siku kumi alale, acheze na watoto wake, amsaidie baba yake shambani, ndipo aulizwe habari za ubingwa.

Aidha, mgawanyo wa msimu una matundu ambayo hayajazibwa. Kanuni inazikataza timu za kaunti kufanya mazoezi ya pamoja katika kipindi cha mapumziko cha mwisho wa mwaka, lakini kila mwaka husikika habari za vikundi vinavyokutana kwa jina jingine. Kanuni isiyo na adhabu inayouma humwadhibu anayeitii peke yake. Kisha kuna suala la fedha. Páraic Duffy, alipokuwa mkurugenzi mkuu wa GAA, alichapisha Januari 2012 waraka juu ya malipo ya chinichini kwa mameneja, akataka chama kiseme ukweli. Na Jarlath Burns, aliyeshika urais mwaka 2024, ameunda kamati ya kuitazama upya hadhi ya uridhaa. Meneja anayelipwa kwa kificho, awe wa kaunti au wa klabu, atataka mazoezi zaidi ili aonekane ameyastahili malipo, na anayetozwa jioni zake kwa sababu hiyo ni mchezaji asiyelipwa senti. Vilabu vinavyoajiri makocha wa nje kwa njia hiyo viache kunyooshea kaunti kidole.

Kuna tundu jingine ambalo wazazi wa watoto wa kike tunaliona vizuri zaidi. GAA, chama cha kandanda ya wanawake na chama cha kamogi ni vyombo vitatu tofauti, ingawa vinatumia nyasi zilezile, na mchakato wa kuviunganisha, ulioongozwa na rais wa zamani wa nchi Mary McAleese, umelenga mwaka 2027. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila muungano huo utakapokamilika, ratiba tatu zitapaswa kuwa ratiba moja, na jioni za uwanja wetu, ambao una taa upande mmoja tu, hazitaongezeka. Ikiwa wakati huo bado tutakuwa tunabishana kama fainali ya wanaume iwe Julai au Septemba, watakaosukumwa pembeni kwanza ni wasichana wa klabu. Binti yangu atakuwa miongoni mwao. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kulifunga suala la msimu sasa na kulijengea juu yake, badala ya kulifungua upya kila mwaka.

Namalizia kwa jambo la utendaji, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika kwa Kiswahili. Kanuni za GAA hubadilishwa kutoka chini. Hoja huweza kuanzia katika mkutano mkuu wa klabu, ambao kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa mwaka. Ikipita huko hupelekwa kwenye mkutano wa kaunti, na ikipita tena hufika mbele ya mkutano mkuu wa taifa mwanzoni mwa mwaka unaofuata, ambapo wajumbe hupiga kura. Wazazi wengi wa jamii yetu huwaandikisha watoto, hulipa, hupika chai na kuendesha magari hadi viwanja vya mbali, lakini wao wenyewe hawajajiandikisha kuwa wanachama kamili, kwa hiyo mkutano unapofika hukaa nyumbani wakidhani ni mambo ya wenyeji. Mwanachama kamili aliyelipa ada ana kura sawa na mzee aliyezaliwa hatua mia kutoka goli. Mwulizeni katibu wa klabu fomu ya uanachama wa watu wazima na tarehe ya mwisho ya kuilipia, hudhurieni mkutano wa mwaka huu, na mjumbe wa klabu anapochaguliwa kwenda kwenye mkutano wa kaunti, mwulizeni mbele ya watu wote atapiga kura gani endapo hoja ya kuzihamisha fainali kutoka Julai italetwa.

Wako,
Mzazi na mwanachama wa klabu,
Mashariki ya Kaunti ya Galway, Ireland